Lami yenye plastiki na mvua zetu: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni maabara ya barabara, yaani kupima udongo, kokoto na lami kabla mkandarasi hajamwaga na baada ya kumwaga. Nyumbani ni Dodoma, nakaa Kizota, ila kazi imeshanipeleka Tanga, Kyela mpaka Bukoba, kwa hiyo nimeona lami ikifia juani na nimeona lami ikifia majini. Tangu watu wajue kwamba nimekuwa nikijaribu plastiki kwenye lami maswali hayaishi, mafundi wananiuliza, kina mama wanaookota makopo Majengo wananiuliza, hata mzee mmoja jirani yangu kila asubuhi nikimpa mbukwa yake, salamu ya Kigogo, na yeye ananirudishia na swali. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia sana na nimejibu kama ninavyojibu kwa mdomo.

Hivi ni kweli plastiki inawekwa kwenye lami au ni stori tu?

Ni kweli na sio jambo la jana. Waliolianzisha kwa nguvu ni Wahindi. Kuna profesa wa kemia anaitwa R. Vasudevan, wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar kule Madurai, jimbo la Tamil Nadu, yeye ndo alitengeneza njia ya kuipaka plastiki kwenye kokoto za moto, na kipande cha kwanza alikijenga palepale chuoni kwake mwaka 2002. Mwaka 2013 chombo cha India kinachotoa miongozo ya barabara kikatoa mwongozo rasmi wa hiyo njia, halafu 2015 serikali yao ikaagiza kwamba barabara za lami za pembezoni mwa miji yenye watu zaidi ya laki tano zitumie plastiki chakavu. 2018 profesa akapewa nishani ya Padma Shri. Na ujue Tamil Nadu na Kerala ni sehemu za joto na mvua za monsuni, mvua ikishuka huko inashuka kweli, ndo maana mimi napenda kuangalia mifano ya kwao kuliko ya Ulaya. Indonesia nao walijaribu Bali mwaka 2017, kipande cha mita 700 chuoni Udayana. Huku Afrika, Afrika Kusini walitandaza kipande kule Jeffreys Bay mwaka 2019.

Kwa hiyo barabara inakuwa ya plastiki tupu?

Hapana. Hili nalirudia kila siku. Barabara inabaki kuwa kokoto na lami kama kawaida, plastiki inaingia kidogo tu. Uholanzi mjini Zwolle walitengeneza njia ya baiskeli ya mita 30 mwaka 2018 kwa vipande vya plastiki vilivyounganishwa, hiyo ni kitu kingine kabisa, usichanganye.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua barabara ya kilomita 1, upana mita 7, unene wa lami sentimita 5. Hapo unapata mita za ujazo 350, na mchanganyiko wa lami una uzito wa kama tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 840. Katika hizo lami yenyewe ile nyeusi ni kama asilimia 5, yaani tani 42, zinazobaki zote ni mawe. Sasa plastiki tunaipima kwa uzito wa lami na sio wa barabara nzima, mwongozo wa India unazungumzia asilimia 6 mpaka 8, ukichukua 8 unapata tani 3 na ushee. Watu wakisikia tani 3 wanaona ndogo, lakini mfuko mwepesi ukiwa na gramu 5 hiyo ni mifuko zaidi ya laki sita na nusu kwa kilomita moja, na yote ingekuwa imekaa kwenye korongo inasubiri mvua au iko tumboni mwa mbuzi wa mtu.

Inaingiaje sasa?

Njia ziko mbili. Ya kwanza unaiyeyusha plastiki ndani ya lami ya moto kwanza ndo uchanganye na kokoto, tunaiita njia mbichi. Shida yake plastiki laini ni nyepesi kuliko lami na hazipatani sana, ukiacha kukoroga zinaachana, plastiki inapanda juu kama malai kwenye maziwa, kwa hiyo unahitaji tangi maalum lenye kukoroga muda wote, na mitambo mingi ya huku kwetu haina hiyo.

Ya pili ni njia kavu na ndo ya Vasudevan. Kokoto zinachomwa mpaka kama nyuzi 160 au 170, plastiki iliyokatwa vipande vidogo vya milimita 2 hivi inamwagwa juu ya kokoto za moto, inachanganywa kwa sekunde 30 mpaka dakika moja, inayeyuka na kulivaa jiwe kama ngozi, halafu ndo unaleta lami. Mara ya kwanza nilivofanya kwenye karai la maabara nilishangaa, zile punje nyeupe zinapotea kabisa, ukitazama unadhani umezimwaga chini, kumbe zimeshajipaka kwenye jiwe na jiwe linang'aa kama limepakwa mafuta ya kula.

Kwani mvua inaharibuje lami, si lami haipitishi maji?

Lami yenyewe haipitishi, lakini barabara sio lami peke yake, ni mawe yaliyoshikwa na lami, na kati yake kuna vitundu vya hewa. Maji yanaingia kwenye vitundu, gari inapita juu inayakandamiza, yanasukumwa huku na huku kama unavyosukutua mdomo, na kila gari ikipita yanazidi kuchokonoa pale jiwe na lami zilipokutana. Kuna mawe ambayo kwa asili yanapenda maji kuliko yanavyopenda lami, hasa kama graniti, yenye kwatzi nyingi, yale madini magumu yanayometa kama kioo. Hapo maji yanaisogeza lami pembeni yanakaa yenyewe, jiwe linabaki uchi, halafu linang'oka, ndo shimo limeanza. Mafundi wanasema lami imebanduka. Na kabla shimo halijaonekana juu, chini kumeshaoza zamani.

Sasa plastiki inasaidia hapohapo, kwenye ngozi ya jiwe. Poliethilini, yaani plastiki ya nailoni na madumu, haipendi maji kabisa, si unajua nailoni ukiimwagia maji yanavyoteleza, na lami inaishika vizuri kwa sababu zote ni jamii ya mafuta. Jiwe lililovaa plastiki kwanza maji hayapati pa kuingilia kirahisi.

Kuna jaribio ambalo nikifanyia watu wanaelewa bila maelezo mengi. Nachukua kokoto za kwetu, graniti hii ya Dodoma ya kijivu yenye madoadoa ya waridi, fungu moja nalipaka lami tu, fungu la pili nalipaka plastiki kwanza ndo lami. Yote yanakuwa meusi tii, huwezi kuyatofautisha. Nayaacha yapoe, nachemsha maji kwenye sufuria mbili, natumbukiza, nahesabu dakika 10. Nikimwaga maji na kuzitandaza kokoto kwenye karatasi nyeupe, lile fungu la lami tu linakuwa na mabaka, kingo za mawe zimebaki wazi, unaona kabisa kijivu cha jiwe na vile vioo vya kwatzi vinameta, na juu ya maji kuna utando wa kahawia uliobanduka. La plastiki linatoka bado jeusi, labda jiwe moja moja limechubuka kwenye pembe. Kuna injinia kijana alikuja ofisini haamini, nikampa sufuria achemshe mwenyewe, akarudia mara tatu.

Hilo ni jaribio la macho tu lakini, la kutolea maamuzi ni lile la kulinganisha nguvu. Unatengeneza vidonge vya lami, nusu unaviacha vikavu, nusu unavilowesha kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 24, halafu vyote unavipasua kwenye mashine. Vilivyolowa visipofikisha asilimia 80 ya nguvu ya vikavu, mchanganyiko huo usiupeleke barabarani hata uwe na plastiki ya dhahabu.

Dodoma si kukavu, haya mambo ya unyevu yanatuhusu nini?

Ni kweli mvua yetu ni kidogo, kama milimita 570 kwa mwaka hivi, na inakuja msimu mmoja tu kuanzia Desemba mpaka Aprili, wakati Bukoba wanapata zaidi ya mara tatu ya hiyo. Lakini angalia inavyonyesha. Kifuku chetu, yaani msimu wa mvua, kinashusha mvua ya wiki nzima ndani ya saa mbili, udongo umekauka kama sahani haunywi kitu, maji yote yanakimbilia barabarani na kwenye makorongo. Na barabara imetoka kupigwa jua miezi 7, lami imekakamaa na kupasuka nyufa ndogondogo, kwa hiyo mvua ya kwanza inakuta milango iko wazi. Juu ya hapo mawe yetu karibu yote ni graniti, ambayo nshasema inapenda maji. Kwa hiyo ndugu yangu wa Dodoma usijione uko salama, tofauti ni kwamba wa Tanga lami yake inaloweshwa polepole mwaka mzima na yako inashtukizwa.

Sawa, na huko kwenye unyevu mwingi kama Tanga au Kyela kuna tatizo gani la ziada?

Hapa ndo naomba watu wasome taratibu kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu.

Tatizo la kwanza ni jiwe lililolowa. Mwambao na maziwa, rundo la kokoto likikaa nje wiki moja ya mvua linanyonya maji mpaka katikati. Ukilipitisha kwenye mtambo haraka haraka, nje linakauka na kipimajoto kinasoma vizuri lakini ndani ya vitundu vya jiwe bado kuna maji. Ukiipaka plastiki hapo umefunika unyevu ndani kama umemvalisha mtu koti la mvua akiwa ameshalowa. Yale maji yanageuka mvuke, yanatafuta pa kutokea, yanatoboa ile ngozi ya plastiki vitundu vidogo sana, na faida yote imeondokea hapo. Nimeliona hili kwenye kazi moja ya mwambao, mkandarasi alikuwa anakimbizana na tarehe, marundo yako wazi hayana hata turubai, mimi naandika kwenye ripoti kila siku kwamba kokoto zina maji na hakuna anayesoma, plastiki ikamwagwa hivohivo. Kifuku cha pili tu kokoto zikaanza kung'oka kwenye nyayo za matairi. Watu wakasema unaona, plastiki haifai. Roho iliniuma sana kwa sababu plastiki haikuwa na kosa lolote pale, kosa lilikuwa ni maji yaliyofungiwa ndani.

Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa, rundo liinuliwe juu ya sakafu yenye mteremko, lifunikwe au liwekewe paa la mabati, na mtambo upunguze mwendo ili jiwe likauke kweli. Ndiyo dizeli itaongezeka, maana kukausha maji kunakula moto, lakini hakuna njia ya mkato hapo. Na plastiki yenyewe iliyosagwa nayo ifunikwe, haifyonzi maji ila matone yanakaa kati ya vipande na ukiimwaga ndani ya mtambo inaruka na kushikana mabonge.

Tatizo la pili ni kushindilia. Lami yenye plastiki inakuwa ngumu zaidi, na ikipoa inakakamaa mapema kuliko ya kawaida. Sasa tipa limetoka mtambo ulipo, limekwama kwenye foleni, wingu likafunga, manyunyu yakaanza, mchanganyiko ukifika umeshapoteza joto, rola ikipita haishindilii tena, inabembeleza tu juu. Mimi sipendi kuona rola inaanza mchanganyiko ukiwa chini ya nyuzi 130. Ukishindwa kushindilia vizuri vitundu vya hewa vinabaki vingi, na vikizidi asilimia 8 vinaanza kuungana na maji yanapata njia ya kupita, umetengeneza chujio. Kwa hiyo tipa lifungwe turubai, mtambo usiwe mbali, na kama mawingu yamekaa vibaya siku hiyo msimwage. Kuahirisha siku moja kunamkera kila mtu site, najua, nimeshatukanwa kwa hilo.

Plastiki ipi inafaa, au yoyote tu?

Sio yoyote, na kwa hili naomba kina mama na vijana wanaokusanya wanisikilize kwa makini. Angalia ile alama ya pembetatu yenye namba chini ya chombo.

Namba 4 ndo tamu kabisa, hizi nailoni laini, za kufungia mikate, za kufunikia magodoro, karatasi za plastiki za kitalu. Inayeyuka kama nyuzi 110 hivi kwa hiyo kwenye kokoto za moto haina ubishi. Namba 2 ni ile ngumu ya madumu na chupa za dawa za usafi, inayeyuka kama 130, inafaa pia. Namba 5 ni viti vya plastiki, vifuniko vingi, na haya mafuko ya salfeti ya mchele na mbolea, yenyewe inataka 160 na zaidi kidogo, kwa hiyo inaweza kufaa kama mtambo unatunza joto vizuri, ikipoa unakuta nyuzi za salfeti hazijayeyuka zimebaki kama nywele. Mfuko wa mbolea tena uoshwe sana.

Namba 1, chupa za maji ya kunywa na soda, watu wanashangaa nikisema usiniletee. Ile inayeyuka kwenye nyuzi 250, mtambo wa lami haufiki huko na haupaswi kufika, kwa hiyo haivai jiwe, inabaki kama changarawe tu. Na bahati nzuri chupa hizo zina soko lake tayari kwa wanaozipeleka viwandani, kwa nini tuziharibu. Mimi nashikilia hapo, plastiki yenye mnunuzi iende kwa mnunuzi, barabara ipewe ile isiyotakiwa na mtu.

Namba 3 ni marufuku, sirembi. Hiyo ni PVC, mabomba ya maji, maganda ya nyaya, baadhi ya mazulia ya plastiki. Ikipata joto inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ikikutana na unyevu wa pua na mapafu inakuwa asidi, na mtu wa kwanza kuivuta ni yule kijana anayesimama juu ya mtambo. Kipande kimoja cha bomba kwenye gunia zima kinatosha kuwaumiza watu. Ukitaka kuijua haraka, tumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji na ukikandamize kilowe kabisa, namba 2, 4 na 5 zinaelea, PVC inazama, chupa za maji nazo zinazama. Nimewafundisha kina mama wa Majengo hiyo ya ndoo, siku hizi gunia likija kwangu nikilipima silikuti na bomba.

Mifuko si imepigwa marufuku, hiyo plastiki itatoka wapi?

Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa ya mifuko ya kubebea, zile rambo. Imesaidia sana, mwenye macho anakumbuka miti ya miiba ya kuelekea Bahi ilivyokuwa imevaa rambo nyeusi na bluu. Lakini vifungashio vya vyakula, vya kilimo, vya hospitali, vya viwandani vilibaki. Pita nyuma ya Soko la Majengo jioni, au pale Soko la Job Ndugai mizigo ikishushwa, uone nailoni zinazofunga katoni na madumu yaliyopasuka. Ipo. Na sitaki mtu aseme tuongeze plastiki ili tupate barabara, hapana, ikipungua mpaka ikosekane mimi nitafurahi na lami nitaitengeneza kwa njia nyingine.

Lazima ioshwe?

Lazima iwe safi. Vumbi linazuia plastiki kushika jiwe, na mabaki ya nyanya au mafuta ya kupikia yanaungua yanatoa moshi. Hapa kwetu maji ni ya kuhesabu, kwa hiyo bora kukusanya mahali ambapo haijachafuka, dukani na ghalani kabla haijafika jalalani. Nailoni iliyokaa dampo miezi 6 inakula maji mengi kuioshea, na jua limeshaila, ukiishika inakatika katika kama jani la mgomba lililokauka. Hiyo mimi nairudisha.

Jua la Dodoma halitaiyeyusha barabara?

Halitaiyeyusha. Uso wa lami kwenye jua kali unaweza kupita nyuzi 60, plastiki laini kabisa inataka 110. Ni kinyume chake, faida nyingine ya plastiki ni kwamba kwenye joto lami inakuwa ngumu, magari mazito hayachimbi ile mifereji ya matairi unayoiona kwenye milima na karibu na mizani malori yanapotambaa. Ila ukizidisha, ukaenda asilimia 12 au 15 kwa tamaa ya kumaliza taka, barabara inakuwa ngumu kama biskuti, inapasuka. Ugumu una kiasi chake.

Vipi moshi na afya za wafanyakazi?

Kwa namba 2, 4 na 5, kwenye joto la chini ya nyuzi 180, plastiki inayeyuka tu, haiungui, moshi unaouona mwingi ni wa lami yenyewe. Lakini hiyo ni kama joto linasimamiwa. Mtambo ambao kipimajoto chake kimekufa na opereta anakadiria kwa kutemea mate, usiupe plastiki kabisa. Barakoa za kitambaa hazizuii gesi, vijana wapewe zile zenye vichujio. Na kuchoma plastiki kwenye pipa wazi ili umwagie kwenye kiraka cha mtaani, nimeona watu wanafanya, naomba muache, ule moshi mweusi unaingia nyumba ya jirani yenye mtoto mchanga.

Haitatuletea vumbi la plastiki kwenye mito?

Swali zuri na ndo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Barabara yoyote inalika na matairi, na kinacholika kinachukuliwa na maji. Plastiki iliyoyeyuka ikajishika kwenye jiwe chini ya lami haiondoki kirahisi, lakini ile ambayo haikuyeyuka, kama vipande vya chupa, inaweza kuchomoka ikiwa vilevile. Ndo sababu nyingine naikataa namba 1. Na mimi binafsi naona ni bora plastiki iwekwe kwenye tabaka la chini la lami, juu iwekwe lami ya kawaida, hasa kwa barabara zilizo kando ya vyanzo vya maji. Wenzangu wengine wanaona napoteza faida kwa kufanya hivo. Tunabishana.

Inapunguza gharama?

Kidogo. Plastiki inachukua nafasi ya sehemu ya lami, na lami inaagizwa kwa dola, kwa hiyo ukiokoa tani 2 au 3 kwa kilomita sio haba. Lakini toa gharama ya kukusanya, kuchambua, kuosha, kusaga, kusafirisha. Ikitoka mbali faida inaishia kwenye mafuta ya lori. Na kama shida yako ni lami kubanduka tu, kuna chokaa iliyozimwa, asilimia 1 mpaka 2 kwenye mawe, inafanya kazi hiyo miaka mingi na inajulikana dunia nzima. Sifichi hilo. Plastiki inashinda pale unapotaka mambo matatu kwa pamoja, jiwe lisilobanduka, lami isiyochimbika, na taka ziondoke mtaani.

Kwa hiyo mashimo yataisha?

Kama hakuna mitaro hayaishi. Kuna barabara ya mtaa naijua, mtaro wake umejaa mchanga na humohumo zimejaa chupa na nailoni, maji yanakosa pa kwenda yanalala juu ya lami siku 3. Hapo chini ya lami kuna tabaka za udongo na changarawe, zikilowa zinakuwa uji, lami ya juu hata iwe bora namna gani itazama tu. Nikiitwa kushauri huwa naanza na kuzibua mtaro, na plastiki ninayoitoa mle ndo naitazama kama inafaa kusagwa.

Nimeona wanatengeneza vitofali vya pevingi kwa plastiki na mchanga, ni kitu kilekile?

Hapana, pale plastiki inachukua nafasi ya saruji, inayeyushwa ikachanganywa na mchanga ikashindiliwa kwenye fomu. Nairobi kuna dada anaitwa Nzambi Matee ameifanya vizuri mpaka akapewa tuzo na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Kwa njia za waenda kwa miguu na nyuani inafaa sana. Kwa malori, lami.

Nina mashine ya kusaga plastiki, nianzie wapi?

Saga milimita 2 hadi 3, vipande vikubwa vinashikana mabonge kabla havijayeyuka. Kausha juani kwenye turubai na ugeuze kama unavyogeuza mtama. Tenga kila namba na gunia lake, usichanganye hata kama mnunuzi anasema hajali. Halafu usianze na tani, chukua kilo 2 uipeleke maabara yoyote ya lami wakufanyie lile jaribio la kuchemsha na lile la kulowesha, ukirudi kwa mkandarasi uwe na karatasi mkononi. Kwa habari ya vibali vya kushughulika na taka anzia ofisi ya mazingira ya halmashauri na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Mtaa wetu tunaitaka, tumwambie nani?

Barabara za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Mwenyekiti wa mtaa apeleke barua, lakini barua isiseme tu tunataka barabara ya plastiki, iombe kipande cha majaribio cha mita 100 au 200, na pembeni yake kipande cha lami ya kawaida cha urefu huohuo, kokoto zilezile, mkandarasi yuleyule, wiki ileile. Halafu vipimwe baada ya kifuku cha kwanza, cha pili na cha tatu. Mimi nimejitolea kwa mtaa wowote wa Dodoma mjini kuja na sufuria zangu na kuwachemshia kokoto zenu bure, nileteeni tu kama kilo 5, ziwe kavu, na mniambie zimetoka machimbo gani.